Nguzo za Wino: Minara ya China na Waandishi Wake

Mwaka 1374 Zhu Yuanzhang, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming, aliamuru mnara ujengwe juu ya Kilima cha Simba mjini Nanjing, mahali ambapo mto Changjiang unaonekana wote ukipita. Aliupa jina kabla hata msingi haujachimbwa: Yuejiang, yaani mnara wa kuutazama mto. Wasomi wa ikulu waliamriwa wauandikie maandiko ya ukumbusho, na mfalme mwenyewe akaandika lake. Kisha akaghairi. Aliandika tena, safari hii akieleza kwamba mbingu zimemkemea kwa kukimbilia jambo lisilo na haraka, na ujenzi ukaachwa. Lakini andiko la mwanazuoni Song Lian lilikuwa limekwisha kutoka. Likaja kuingizwa katika mkusanyo wa nathari teule za kale, na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vikasoma sifa za jengo ambalo halikuwapo. Mnara wenyewe ulikamilika mwaka 2001, zaidi ya miaka mia sita baadaye.

Tumezoea kudhani kwamba jengo hutangulia na sifa zikafuata. Kisa cha Nanjing kinaupindua mpangilio huo, na kadiri ninavyoifuatilia minara mashuhuri ya China ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba Nanjing haiko peke yake. Katika minara hiyo maandishi ndiyo yaliyozibeba mbao. Asiyelijua hilo atapanda, atapiga picha, atashuka akilalamika kwamba ameoneshwa saruji.

Neno letu "mnara" nalo linahitaji kurekebishwa kidogo. Mswahili akilisikia huona mnara wa msikiti au mnara wa taa ya kuongozea meli: mwembamba, mrefu, hauna mkaaji. Lou ya Wachina ni nyumba ya ghorofa, pana, yenye roshani pande zote na mapaa yaliyopinda ncha kuelekea juu. Watu walikaa humo. Walikula, walikunywa mvinyo, walisikiliza ngoma na zeze, na zaidi ya yote waliagana. Serikali ya kifalme ilikuwa na desturi ya kuwahamisha maofisa wake mara kwa mara, na aliyemuudhi mkubwa alitupwa mbali zaidi. Safari zilikuwa za mto. Nyumba refu iliyo karibu na gati ikawa ndipo mahali pa karamu ya mwisho, na katika karamu ya wasomi kutunga shairi ilikuwa sehemu ya adabu. Shairi liliandikwa ukutani au kwenye ubao, likamsubiri msafiri mwingine, naye akifika alisoma na kujibu. Sisi tuliokulia kwenye majibizano ya washairi magazetini tunaijua ladha ya jambo hilo bila kuelezwa.

Tuanze na Guanque, kule Yongji katika jimbo la Shanxi, kando ya Mto Manjano. Ulijengwa katika karne ya 6 kwa shughuli za ulinzi, na jina lake linatokana na ndege wa jamii ya korongo waliokuwa wakitua juu yake. Wang Zhihuan, aliyeishi kati ya 688 na 742, ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi wa shairi lake la maneno ishirini tu: mishororo minne, kila mmoja mizani mitano, maana kila neno humo lina silabi moja. Kwa Kiswahili naliweka hivi:

Jua jeupe laegemea mlima, latua,
Mto Manjano waingia baharini.
Wataka macho yafike upeo wa mbali?
Panda tena, ghorofa moja juu.

Mizani imevunjika, lakini umbo lake linaonekana. Mishororo miwili ya kwanza inakabiliana neno kwa neno: jua kwa mto, mlima kwa bahari, kuegemea kwa kuingia. Sisi hufunga mshororo kwa vina vya ukwapi na utao; washairi wa nasaba ya Tang walifunga pia kwa maana, mshororo mmoja ukiwa kioo cha mwenzake. Na kuna jambo ambalo msomaji anaweza kulipita haraka. Kutoka Yongji bahari haionekani. Iko mbali sana, milima na nyanda za mikoa kadhaa zikiwa katikati. Mshairi ameona mto, akili yake imeufuata hadi mwisho wake, ndipo anasema panda zaidi. Kuona kwa macho kumekwisha mapema. Yanayofuata ni ya kuona kwa moyo.

Shen Kuo, msomi wa karne ya 11, aliandika kwamba Guanque ulikuwa na ghorofa tatu, mbele milima ya Zhongtiao, chini mto mkubwa. Ghorofa tatu tu. "Ghorofa moja juu" ya shairi haikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa ngazi chache za mbao alizobakisha mtu ambaye tayari ameshaona vya kutosha. Mnara uliteketea mwaka 1222 katika vita vya Wamongolia na utawala wa Jin. Kwa takriban miaka mia saba na themanini hapakuwa na ghorofa ya kupanda, na katika muda wote huo watoto wa China wakaendelea kujifunza kuipanda kwa ulimi. Mwaka 2002 ukafunguliwa mnara mpya wenye mita 73.9.

Urefu huo unanisumbua. Naelewa fahari ya mji, naelewa pia mapato ya watalii. Lakini shairi halikuomba kimo. Liliomba hatua moja zaidi ya pale ulipofika. Jengo kubwa mno linamfanya mgeni astaajabie jengo, na Wang Zhihuan hakusema lolote kuhusu jengo. Mapaa, nguzo, rangi, vyote aliviacha. Aliandika kuhusu kinachoonekana ukiwa umelipa mgongo.

Mnara wa Korongo wa Manjano, Huanghe Lou, uliopo Wuhan, una historia yenye misukosuko zaidi. Mwaka 223 Sun Quan, mtawala wa dola ya Wu, alijenga ngome juu ya mwamba unaoelekea mto Changjiang, na mnara ukaanza kama jicho la askari. Askari wakaondoka, washairi wakaingia. Shairi linalotawala mahali pale ni la Cui Hao, wa karne ya 8. Yasemekana Li Bai, gwiji wa magwiji, alifika akataka kuandika, akalisoma la Cui Hao, akaiweka brashi chini. Ni hadithi, wala sioni haja ya kuithibitisha. Inatosha kwamba Wachina wameipenda kwa karne nyingi.

Shairi lenyewe linasema nini? Mtu wa kale alikwishapanda korongo wa manjano akaenda zake. Hapa umebaki mnara mtupu. Korongo akiondoka harudi. Mawingu meupe, miaka elfu, yanaelea bure. Kisha macho yanashuka kwenye miti ya ng'ambo na majani mabichi ya kisiwani, jua linazama, na swali linatoka: kwetu ni wapi? Ukungu juu ya mto unamtia mtu simanzi. Yaani tangu mwanzo mnara huu ulisifiwa kwa kile kisichokuwamo. Ni nyumba ya kutokuwapo. Naona hapo ndipo ilipo siri ya kwa nini moto haukuweza kuumaliza: ungeunguza nini, ikiwa mwenye nyumba alikwisha kuondoka kabla ya shairi kuanza?

Li Bai naye aliandika lake, tena zuri mno, akimuaga rafiki yake mshairi Meng Haoran aliyekuwa akishuka mto kwenda Yangzhou mwezi wa tatu wakati wa maua. Anabaki kusimama juu. Tanga moja, kivuli chake cha mbali, linamezwa na samawati; kinachoonekana ni mto tu, ukitiririka kwenye ukingo wa mbingu. Hakuna neno "huzuni" ndani yake. Yeyote aliyewahi kusimama bandarini akimtazama mtu wake akipotea na chombo anajua kwamba neno hilo halihitajiki.

Mnara uliojengwa mwaka 1868 uliungua 1884. Kilichosalia ni kilele chake cha shaba, nacho kimehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1927 Mao Zedong, akiwa Wuhan katika msimu mbaya wa siasa, alitunga shairi akauliza korongo wa manjano amekwenda wapi, pamebaki mahali pa wapita njia tu. Aliuliza kwenye uwanja mtupu. Mnara ulikuwa majivu kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1957 Daraja Kuu la Wuhan likakamilika, na njia yake ya kupandia ikapita kwenye kiwanja cha kale. Ulipojengwa upya kati ya 1981 na 1985 uliwekwa juu ya Kilima cha Nyoka, kama kilomita moja kutoka mahali pake: mita 51.4, zege, na lifti ndani.

Hapa mjadala huwa mkali. Mtu aliyelelewa kwenye fikra za uhifadhi za Ulaya, zile zilizoandikwa katika Mkataba wa Venice wa 1964, husema: jiwe la asili ndilo ushahidi, na kilichojengwa juzi ni bandia. Hoja hiyo ina uzito kwa hekalu la mawe. Kwa nyumba ya mbao iliyokaa katikati ya vita na taa za mafuta, ingekuwa na maana kwamba hakuna kilichowahi kuwa halisi, kwa kuwa hata Cui Hao hakuuona mnara wa Sun Quan. Ndani ya Huanghe Lou ya leo kuna vielelezo vya umbo lake katika enzi za Tang, Song, Yuan, Ming na Qing, na hakuna viwili vinavyofanana. Kila enzi ilijenga kwa mtindo wake bila kuomba radhi. Azimio la Nara la 1994, kule Japani, lilikuja kukubali kwamba uhalisi hupimwa pia kwa utamaduni wa wenyewe. Mimi ningekwenda mbele kidogo: kwa minara hii, kipimo cha kwanza ni kama ukisimama juu yake shairi bado linasomeka kwenye mandhari. Kwa kipimo hicho kosa la Wuhan ni ile kilomita moja kutoka ukingoni. Zege silioni kuwa dhambi.

Sasa Tengwang, Nanchang. Li Yuanying, mdogo wake mfalme Taizong wa Tang, alipewa cheo cha Mwana wa Mfalme wa Teng, na akiwa gavana pale mwaka 653 alijenga nyumba ya starehe kando ya mto Gan. Vitabu vya historia havimsifu. Alikuwa mtu wa anasa na visa. Kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, mwaka 675 alipita kijana Wang Bo, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, kipaji kilichokwisha kuchafuka: alikuwa amefukuzwa kazi kwa kosa la kumuua mtumwa, na baba yake akaadhibiwa kwa ajili yake kwa kupelekwa Jiaozhi, sehemu ya Vietnam ya leo. Wang Bo alikuwa njiani kumfuata baba. Gavana alikuwa na karamu. Kijana akaombwa kuandika, akaandika.

Mstari wake unaojulikana zaidi unaruka na bata pori mmoja sambamba na mawingu mekundu ya jioni, maji ya vuli yakiwa rangi moja na mbingu ndefu. Ni mzuri, sibishi. Lakini unaonigusa ni mwingine: milima ni migumu kuivuka, nani amlilie aliyepotea njia? Kama magugu yaliyokutana juu ya maji, sote hapa ni wageni wa nchi nyingine. Aliandika hayo mezani kwa mtu asiyemjua, akielekea kwa baba aliyemponza. Muda mfupi baadaye alifariki katika safari hiyo ya bahari.

Andiko linafungwa kwa shairi linalouliza: mwana wa mfalme aliyekuwa humu yuko wapi leo? Nje ya ukingo wa roshani mto mrefu unatiririka peke yake. La ajabu ni kwamba Li Yuanying alikuwa hai bado; alikufa mwaka 684. Wang Bo alimfanya marehemu kabla ya siku zake, na kwa kufanya hivyo akalihifadhi jina lake kuliko alivyoweza yeye kwa mali yote.

Swali hilo la "yuko wapi?" tunalijua pwani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliliuliza katika Al-Inkishafi mbele ya majumba ya Pate, ambako madaka ya kupangia sahani yalikuwa yamegeuka malazi ya makinda ya ndege. Na sahani za majumba ya namna hiyo, magofu ya pwani yote yanashuhudia, nyingi zilivuka bahari kutoka China. Swali ni moja, njia ni mbili. Utenzi wetu unaielekeza nafsi iachane na dunia. Hauombi mtu ainyanyue nyumba. Andiko la Wang Bo, lenye swali lile lile, liligeuka kuwa deni kwa kila gavana aliyefuata. Tengwang inahesabiwa kujengwa mara ishirini na tisa. Ilichomwa mwaka 1926 katika vita vya mababe wa kijeshi. Mwaka 1942, Nanchang ikiwa mikononi mwa jeshi la Japani, mwanahistoria wa usanifu Liang Sicheng na msaidizi wake Mo Zongjiang walichora michoro minane ya kuirudisha. Fikiria kuchora ghorofa ya mji usioweza kuufikia. Michoro hiyo ndiyo iliyofuatwa, na jengo la mita 57.5 likafunguliwa Oktoba 1989, siku ya sikukuu ya Mbili Tisa, yaani siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya jadi, ile ile ambayo mapokeo yanasema Wang Bo aliandika.

Kuna hata aliyeiandikia bila kuiona. Mwaka 820 Han Yu, bingwa wa nathari, aliombwa andiko la ukarabati wake, naye akakiri waziwazi kwamba ametamani kufika maisha yake yote na hajawahi. Akaongeza kwamba ni heshima jina lake kuwekwa baada ya akina Wang watatu waliomtangulia kuiandikia, Wang Bo akiwa mmoja wao. Alisafiri hadi kwenye maandishi yao, na hilo likamtosha kuandika.

Nimeuacha Yueyang mwishoni kwa sababu ndio ninaoupenda. Uko Hunan, juu ya ziwa Dongting, na unasemekana ulianza kama jukwaa la Lu Su, jemadari wa dola ya Wu, la kukagulia wanamaji katika karne ya 3. Mwaka 768 mshairi Du Fu aliupanda, mgonjwa, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Tangu zamani alisikia habari za maji ya Dongting, anasema, leo ndiyo anapanda. Mashariki na kusini zinapasuka, mbingu na ardhi zinaelea mchana na usiku. Halafu ghafla: ndugu na marafiki, hata neno moja hakuna, uzee, ugonjwa, na mtumbwi mmoja. Kutoka ulimwengu mzima hadi mtumbwi, katika mruko wa mshororo mmoja.

Mwaka 1044 ofisa Teng Zijing aliteremshwa cheo akapelekwa huko, akiwa ametuhumiwa kutumia vibaya fedha za serikali. Akaukarabati mnara. Sima Guang, mwanahistoria wa zama zilezile, ameacha maelezo ya fedha zilikotoka: Teng hakugusa hazina wala hakutoza kodi. Alitangaza kwamba wenye madeni sugu wasiolipwa wayatoe kwa serikali, nayo itayadai. Zikapatikana karibu mafungu elfu kumi ya sarafu, akaziweka chumba cha pembeni mwa ofisi, akazisimamia mwenyewe bila karani wala daftari. Sima Guang anadokeza kwamba nyingine ziliingia mfukoni mwake, na anaongeza kwamba watu wa mji hawakuona ubaya, walimsifu kwa uhodari. Mtumishi wa umma anayeendesha mradi mkubwa bila daftari la mahesabu: miaka elfu imepita, sura ni ngeni kwa nani?

Teng akamwandikia rafiki yake Fan Zhongyan amtungie andiko. Walifaulu mtihani wa kifalme mwaka mmoja, 1015, na Fan alikuwa amemtetea kwenye ile kesi. Mwaka 1046 Fan mwenyewe alikuwa ameangukia Dengzhou, mbali kaskazini, baada ya mageuzi aliyoyaongoza serikalini kuvunjwa. Aliandika akiwa hukohuko. Masimulizi ya enzi ya Song yanasema mnara ulipokamilika Teng aliambiwa hongera, akajibu kwamba anachongoja ni kuegemea ukingo wake na kulia mara kadhaa. Ukiwa na jibu hilo kichwani, andiko la Fan linasomeka upya. Ni barua ya mtu aliyeanguka kwa mwenzake aliyeanguka.

Fan anakataa kuusifu mnara. Mandhari, anasema, waliotangulia wamekwisha kuyamaliza. Anataka kujua wanaopanda hujisikiaje. Mvua ikinyesha mfululizo, upepo ukilia na milingoti ikivunjika, mgeni huwaza nyumbani, huogopa wasengenyaji. Majira yakiwa mazuri, mwezi ukiwa juu ya maji na mvuvi akiimba, mgeni husahau fedheha zake, huinua kikombe. Kisha Fan anawapita wote wawili: watu wema wa kale hawakufurahi kwa sababu ya vitu wala kuhuzunika kwa sababu ya nafsi zao. Wakiwa juu ikulu walikuwa na wasiwasi kwa ajili ya wananchi. Wakiwa mbali ziwani walikuwa na wasiwasi kwa ajili ya mtawala. Basi watafurahi lini? Jibu kila mwanafunzi wa China analijua: kuwa na wasiwasi kabla ulimwengu haujawa na wasiwasi, kufurahi baada ya ulimwengu kufurahi. Ndilo jibu kwa machozi ya Teng, limetolewa kwa upole kiasi kwamba wengi hawalioni kuwa ni la mtu mmoja.

Jengo la Yueyang lililopo ni la 1880, la mbao, ghorofa tatu, paa kama kofia ya chuma ya askari, urefu usiofika mita 20. Dogo kuliko ndugu zake wote niliowataja, na ndilo linaloishi vizuri zaidi na maandishi yake. Ghorofa ya pili limewekwa andiko la Fan lililochongwa kwenye mbao kumi na mbili kwa mwandiko wa Zhang Zhao wa karne ya 18. Mgeni anayeweza kulikariri lote mlangoni huruhusiwa kuingia bila tiketi. Tengwang nayo ina utaratibu kama huo kwa andiko la Wang Bo, ambalo ni refu karibu maradufu. Sentensi ya mwisho ya Fan, kabla ya tarehe, ni swali: kama si watu wa namna hiyo, nitarudi na nani? Teng alifariki mwaka uliofuata, 1047. Anayekariri pale mlangoni leo hana budi kulifikia swali hilo ndipo apite.